Vishikio vya Ngozi

Bellmere, Iowa
21 Septemba 1903

Dada Hester,

Keti kwanza. Nimo kwenye timu ya mpira ya chuo. Mimi, Lyle Quillin, ratili mia moja na thelathini na tatu pamoja na viatu. Jitu zima la ratili mia mbili, mtoto wa mkulima wa Tama, limeachwa nje linaniangalia mimi. Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Nahodha ni Rudd Hatherly, jirani yetu yuleyule aliyekuwa akiiba tufaa kwa Bwana Tolliver. Hatuna mwalimu wa mpira. Nahodha ndiye mwalimu. Nikueleze mchezo ulivyo ili usije ukamweleza mama vibaya (mama usimweleze kabisa). Ni kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Mpira unabebwa kwapani. Una majaribio matatu ya kusogea yadi tano. Ukishindwa, mpira wanachukua wao. Hakuna kuurusha mbele, kwa hiyo wote tunajazana katikati kama ng'ombe kwenye mlango wa zizi.

Sasa kazi yangu. Rudd anataka vishikio viwili kama vya sanduku la safari, vishonwe kiunoni mwa suruali yangu, kimoja kila upande. Yeye ashike cha kushoto, Dorsey Pruett ashike cha kulia, wanirushe juu ya lile rundo na mpira wangu. Timu nyingi zinafanya hivyo. Mzito hawezi kurushwa, mimi naweza. Nikamwambia, "Nina dada anayewashonea matandiko farasi wa nusu ya wilaya." Suruali ninaituma pamoja na barua hii.

Nywele sinyoi mpaka Desemba. Ndizo kofia yetu ya kukinga vichwa.

Mdogo wako,
Lyle


Quarry Bend, Iowa
26 Septemba 1903

Lyle,

Farasi wa Bwana Tolliver amekaa siku mbili bila hatamu kwa ajili ya kiuno chako. Vishikio ni vya ngozi ya ng'ombe dume, uzi wa kitani wa nyuzi sita, nimeupaka nta, mishono minane kwa inchi. Kitang'oka kiuno kabla ya kishikio.

Mama anakula vizuri ila upande wa kushoto bado haujarudi tangu kiharusi. Namgeuza kila baada ya saa tatu. Nimemwambia unacheza ule mpira wa rungu, usio na kuumizana, akasema hewa safi itakufaa.

Baba alitaka usome. Aliyasema hayo siku tatu kabla hatujamzika, mimi na wewe tumesimama pale kitandani, na mimi nikamwambia nitashika karakana mpaka utakapopata shahada. Basi cheza, lakini soma. Na mwambie Rudd Hatherly kwamba ninachokifunga kwenye kiuno chako ni kishikio; ruhusa ya kukuvunja sijampa.

Dada yako,
Hester


Bellmere
11 Oktoba 1903

Dada Hester,

Kumi na moja kwa sifuri! Denby walikuja na gari-moshi zima la mashabiki, wakarudi kimya. Nilirushwa mara kumi na tisa. Mara ya kwanza jamaa wao mmoja, mashavu kama nguruwe wa maonyesho, akapiga kelele, "Jamani, nani kasahau sanduku lake uwanjani?" Dorsey akamjibu, "Halijasahauliwa, linaletwa kwako. Pokea!" Wakanitupa, nikamwangukia usoni. Sasa chuo kizima wananiita Sanduku. Hata profesa wa Kilatini juzi kasema, "Sanduku, tafsiri aya ya pili."

Si yote ni kicheko. Tulianza kumi na wanne. Mmoja kavunjika mtulinga, mwingine baba yake kamwita akavune mahindi. Tumebaki kumi na wawili, na mkuu wa chuo kasema siku tutakayoshindwa kutoa watu kumi na mmoja, mpira umekwisha hapa, milele. Maprofesa wengi wanaisubiri siku hiyo.

Sheria ni kwamba ukitoka uwanjani hurudi. Kwa hiyo hatoki mtu. Nahodha hamtoi mtu kwa amri. Anauliza, "Waweza?" Unajibu, "Naweza." Basi. Mwaka jana Fenn Abbott, ambaye bado yumo kati yetu kumi na wawili, alijibu, "Siwezi." Mpaka leo akikaa mezani watu wanasogeza sahani zao.

Jumamosi tunakwenda Wexler. Vishikio havijalegea hata uzi mmoja.

Lyle


Bellmere
19 Oktoba 1903

Dada Hester,

Nakuandikia kwa niaba ya Lyle kwa sababu aliumia kidole huko Wexler na hawezi kushika kalamu. Si jambo kubwa. Tulishinda sita kwa tano. Anakula, anacheka, anakusalimu sana, na anasema usiwe na wasiwasi.

Mpe mama salamu.

Wako kwa heshima,
Rudd Hatherly


Quarry Bend
22 Oktoba 1903

Rudd,

Kidole cha mkono upi? Lyle anaandikia mkono wa kushoto. Hukunitajia, na wewe ni mtu wa kutaja kila kitu.

Mwambie aniandikie mwenyewe. Hata mistari mitatu. Hata kwa meno.

Hester


Bellmere
27 Oktoba

Dada Hester,

Niko salama. Kidole hakina kitu, sijui kwa nini unauliza. Tulicheza na Wexler. Rudd anasema tulishinda. Hapa kuna baridi. Mwanga unaniumiza macho kwa hiyo naandika nimefunga pazia. Chakula kizuri. Tulicheza na Wexler.

Mwambie baba nimepata salamu zake na nitakuja kumsaidia kabla ya theluji, asiinue zile ngozi mbichi peke yake. Hapa kuna baridi.

Niko salama.

Lyle


Quarry Bend
30 Oktoba 1903

Rudd,

Nimepata barua ya Lyle. Naona hukuisoma kabla haijatumwa, maana ungeisoma usingeituma.

Anamsalimu baba. Baba yupo makaburini tangu Machi ya mwaka juzi. Lyle alibeba jeneza upande wa mbele, kulia. Wewe ulikuwa nyuma yake.

Niambie kilichotokea Wexler. Usinipe salamu, usinipe kidole. Na mtoe kwenye timu leo hii. Ningekuja mwenyewe kwa treni ya kesho, lakini mama hawezi kujigeuza, na mtu pekee aliyenikubalia kukaa naye ni Bi Cordelia Stokes, ambaye mwenyewe anatembelea mikongojo.

Hester


Bellmere
4 Novemba 1903

Dada Hester,

Samahani kwa lile la kidole. Ukweli ni huu.

Katika kipindi cha pili huko Wexler, Lyle alitua kwa kichwa, na goti la mtu likampata nyuma ya sikio. Alilala kama dakika mbili. Tukammwagia maji, akaamka. Nikamuuliza, "Waweza?" Akasema, "Naweza." Akacheza mpaka mwisho, na ndiye aliyefunga. Kwenye treni akaniuliza mara nne tunakwenda wapi.

Daktari wa mji alimtazama Jumatatu. Alisema apumzike wiki kadhaa. Nilimpumzisha siku nne. Jumamosi iliyopita Fenn Abbott alifeli hesabu, maprofesa wakamtoa. Sasa tumebaki kumi na mmoja kamili. Lyle akikaa nje, tunakuwa kumi, na mpira unakufa mikononi mwangu. Hawa wengine wamecheza wakiwa na mbavu zilizopasuka. Nitawaambiaje?

Namuuliza kila siku. Kila siku anasema anaweza. Nikimtoa mtu aliyesema anaweza, nimemvunjia heshima mbele ya wote. Wewe hukai nasi, hujui jambo hilo lilivyo.

Najua unawaza kumwandikia mkuu wa chuo. Nakuomba ujue hili kwanza: Lyle hawezi kusoma zaidi ya nusu ukurasa kichwa kisimgonge, kwa hiyo nimemwandikia insha mbili za historia kwa jina lake. Wakija kuuliza habari zake, watazikuta. Tutafukuzwa wote wawili, na hakuna chuo kingine kitakachompokea.

Imebaki michezo miwili. Ostrand tarehe 14, halafu Stroud siku ya Sikukuu ya Shukrani. Baada ya hapo atalala mpaka Pasaka.

Rudd


Quarry Bend
9 Novemba 1903

Rudd,

Barua kwa mkuu wa chuo ninayo hapa mezani. Nimeiandika, nimeifunga, nimeibandika stempu. Jana niliipeleka mpaka mlangoni mwa posta nikarudi nayo. Nilisimama pale nikimsikia baba akisema neno "shahada". Ulijua nitasimama pale. Ndiyo maana ukanitajia zile insha.

Unasema unamuuliza kila siku. Unamuuliza mtu asiyejua kama baba yake amekufa! Mtu huyo akikwambia "naweza" ndiyo jibu? Farasi akianguka njiani, Bwana Tolliver hamuulizi. Anamfungua.

Sijapata kuomba kitu kwenu Hatherly. Mama yako anajua. Sasa naomba. Mpigie magoti huyo Abbott, mtafute mtoto wa mkulima wa Tama, mvalishe suruali mwosha vyombo wa bweni. Mweke mtu yeyote, ila yeye hapana.

Hester


Bellmere
16 Novemba 1903

Dada Hester,

Ostrand tulitoka sare, sifuri kwa sifuri. Lyle yuko mzima. Hakuna kilichompata.

Yule wa Tama aliondoka chuoni mwezi uliopita. Abbott nilimwendea. Hata kama maprofesa wangemruhusu, asingevaa jezi ile tena. Aliniambia, "Nilisema siwezi, mkanila nyama mwaka mzima. Leo wewe ndiye huwezi?" Akafunga mlango.

Nina ombi, na najua sistahili. Jumamosi, katika mrusho wa mwisho kabisa, suruali ya Lyle ilichanika kiunoni, vishikio vikabaki mikononi mwetu na kipande cha kitambaa. Uzi wako haukukatika. Kitambaa ndicho kilichokatika. Tunahitaji suruali mpya yenye vishikio kabla ya tarehe 26. Fundi wa hapa hana ngozi ya namna hiyo. Bila vishikio Lyle hana kazi katikati. Ningelazimika kumweka pembeni kabisa mwa mstari, ambako mpira haufiki na hakuna anayemgusa, na tungecheza kama kumi. Stroud wangetumaliza.

Tafadhali.

Rudd


Quarry Bend
20 Novemba 1903

Rudd,

Suruali hii hapa. Turubai mara mbili kiunoni. Vishikio viko kama vile vya kwanza.

Hester


Bellmere
23 Novemba 1903

Dada Hester,

Sikutegemea. Nilidhani utanirudishia barua yangu imechanwa. Lyle aliivaa bwenini akatembea kama jogoo, na Dorsey akamwinua kwa mkono mmoja akisema, "Sanduku jipya, fundi yuleyule!" Akacheka sana. Siku nyingi sijamsikia akicheka.

Kwa kuwa umenitendea wema huu, nami nikuambie lililobaki, sitaki kukuficha tena. Tangu Wexler, Lyle hashiki ishara. Nahodha anataja namba, na kila namba ina upande wake wa kukimbilia. Yeye alizijua zote thelathini. Sasa hajui hata moja. Mtu asiyejua upande uwanjani anagongwa asipotazamia, na hapo ndipo watu wanapoumia. Kwa hiyo tunamwongoza kwa vishikio. Nikivuta cha kushoto, anakwenda kushoto. Dorsey akivuta cha kulia, anakwenda kulia. Tukivuta vyote, anajikunja, anakaza shingo, na sisi tunamrusha. Huko Ostrand hatukumwachia hata hatua moja peke yake. Ndiyo maana hakuguswa kichwa. Maadamu vinashika, yuko mikononi mwetu. Lala usingizi.

Tunaondoka Jumatano jioni kwa treni kwenda Stroud.

Rudd


SIMU YA MAANDISHI
Quarry Bend, 25 Novemba 1903, saa tano asubuhi
Kwa: R. Hatherly, Chuo cha Calder, Bellmere

VISHIKIO VITANGOKA. NILISHONA UZI WA PAMBA MAKUSUDI ILI UMWEKE PEMBENI. SIKUJUA MNAMWONGOZA NAVYO. USIMVALISHE. USIMCHEZESHE. NIJIBU. HESTER


SIMU YA MAANDISHI
Stroud, 27 Novemba 1903, saa mbili asubuhi
Kwa: H. Quillin, Quarry Bend

LYLE AMEFARIKI ALFAJIRI NYUMBANI KWA DAKTARI. HAKUPATA FAHAMU. NAMLETA KWA TRENI YA JUMAMOSI. RUDD


Quarry Bend
8 Desemba 1903

Rudd,

Siku ya mazishi ulisimama jikoni kwetu, kofia mkononi, ukaniambia vishikio vilishika mpaka mwisho. Ulisema alikufa kwa lile goti la Wexler, kwamba lingemuua hata kitandani. Bi Stokes alikuwa anamimina kahawa, akasema, "Sifa kwa Mungu, kazi ya Hester." Nilitaka iwe kweli, nikaila kama mkate.

Jana chuo kilileta sanduku la nguo zake. Suruali imo. Vishikio havimo. Kiunoni pana matundu ya msharasi, ile sindano yangu ya kutobolea ngozi, safu mbili kila upande, safi, na vipande vya uzi wa pamba nilivyovipaka nta vifanane na kitani. Uzi ule hauwezi kuvuta ndoo ya maji kisimani. Niliupima kabla ya kushona. Ningekataa kushona, ungetafuta vishikio kwa fundi wa mji mwingine. Ulikuwa ukatike mara ya kwanza tu, mtu akivuta kwa nguvu, mbele ya macho yako, nawe umtoe katikati kama ulivyosema mwenyewe.

Mama anajua kwamba Lyle amekufa. Hajui kwa nini naosha mikono mara nyingi hivi.

Nijibu mambo mawili. Simu yangu ya tarehe 25 uliipata? Na nini kilitokea? Usinihurumie. Uliwahi kunihurumia kwa kidole, na tumefika hapa.

Hester


Bellmere
12 Desemba 1903

Dada Hester,

Simu niliipata. Mchukuzi wa stesheni aliniletea jukwaani, timu inapanda. Niliisoma mara mbili. Nikamwita Lyle, aliyekuwa tayari ameivaa suruali ile, nikashika vishikio vyote, nikavuta kwa mikono yangu. Vilishika. Nikajiambia, huyu dada amepata njia ya mwisho ya kunitisha. Nikaitia mfukoni. Sikumwonyesha Dorsey. Sikukujibu.

Siku ya mchezo vilivutwa mara kumi na nne kabla havijang'oka. Uzi wako ulikuwa na nguvu kuliko ulivyopima. Labda nta, labda baridi. Nilihesabu baadaye, na kila mara moja katika hizo kumi na nne nilikuwa nafikiri, nilisema kweli, alikuwa ananitisha tu.

Zilibaki dakika sita. Hapakuwa na bao. Tulikuwa yadi nne kutoka mstari wao, jaribio la tatu. Stroud walikuwa wanapiga kelele, "Leteni mzigo! Leteni mzigo!" kwa sababu walijua tutamrusha yeye. Nikataja namba. Lyle akapokea mpira. Tukavuta pamoja, mimi na Dorsey, na vyote viwili vikatoka kwa mara moja. Mimi nilianguka chali, kishikio mkononi. Dorsey alianguka upande wake. Watu wa Stroud walikuwa wamekwisha kurukia pale tulipopaswa kuwa, wakarundikana juu ya wenzetu katikati.

Lyle alibaki nyuma ya rundo, amesimama, mpira kwapani. Hakuna aliyemgusa. Hapa ndipo nilipokudanganya jikoni kwenu, na ndipo nilipomdanganya mkuu wa chuo, na daktari, na Dorsey ambaye hakuona kwa sababu alikuwa kifudifudi.

Sheria, kama huijui, ni hii. Mbebaji akilala chini mwenyewe na kusema, "Chini," mwamuzi anapiga filimbi, na hakuna ruhusa ya kumgusa. Tungepoteza mpira. Ingeisha sifuri kwa sifuri. Tungekuwa tumetoa kumi na mmoja katika kila mchezo, na mpira wa Calder ungebaki salama, na yeye angekuwa kwenye treni pamoja nami jioni ile. Yote hayo niliyajua. Si baadaye, niliyajua nikiwa chali pale pale, yote kwa pamoja.

Hakukimbia. Alikuwa anapapasa kiuno chake kwa mkono mmoja, anatafuta. Halafu akaniona. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia duka, "Rudd, upande gani?"

Upande wa kulia palikuwa wazi. Watatu walikuwa wanainuka kuja, lakini palikuwa wazi, na mstari ulikuwa pale.

Alifunga. Tano kwa sifuri. Walimkuta juu ya mstari wote watatu kwa mara moja. Jana maprofesa walipiga kura mpira uendelee. Watu wananishika mkono njiani.

Nimeandika barua kwa mkuu wa chuo nikimweleza insha, na daktari, na simu yako, na haya. Nimeitia posta kabla ya hii, kwa hiyo siwezi tena kurudi nayo kutoka mlangoni. Hutakuwa na haja ya kumwambia mama kuhusu uzi. Uzi ulikatika, naye akabaki amesimama mzima, hana hata mkwaruzo, ananisubiri. Nilikuwa na nafasi ya neno moja. Nilisema, "Kulia."

Rudd Hatherly